UZI: McLaren P1, samaki sulisuli, na magari ambayo kiumbe ameingia mpaka ndani ya injini

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila msimu wa maonyesho ya magari tunaletewa gari la dhana (la kuonyesha wazo, si la kuuzwa) lililobuniwa kwa kumtazama kiumbe fulani. Papa, chui, mwewe, hata jani la mti. Ukilichunguza, mara nyingi kiumbe ameishia usoni: taa zimekazwa kama macho, bampa limepasuliwa kama mdomo, na nyuma ya uso huo ni gari lilelile. Siyachukii magari hayo, mengine ni mazuri mno. Ila uzi huu ni wa yale machache ambayo kiumbe ameingia ndani na kupewa kazi. Naanza na McLaren P1, kwa sababu kwangu hiyo ndiyo supakaa (gari la kifahari la mwendo mkali) iliyolifanya jambo hili kwa akili kuliko zote, na kwa sababu samaki wake anavuliwa hapa kwetu, Malindi, Watamu na mkondo wa Pemba.

Kwa wasioifahamu: P1 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Septemba 2012, ikiwa bado gari la dhana. Toleo la kuuzwa likaja Geneva mwaka uliofuata. Zikatengenezwa 375 tu, Woking, Uingereza. Injini ni V8 (silinda nane) ya lita 3.8 yenye turbo mbili, yaani vipulizo vinavyosukuma hewa ndani ya injini, inasaidiwa na mota ya umeme, jumla nguvu za farasi 903. Inatoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.8, na mwendo wa juu umefungwa kwenye 350.

Aliyeongoza ubunifu wake ni Frank Stephenson. Huyu bwana amezaliwa Casablanca, Morocco, mwaka 1959, akasomea ubunifu wa magari Pasadena, California. Kabla ya McLaren mkono wake ulishapita kwenye BMW X5 ya kwanza, Mini ya mwaka 2001, Maserati MC12, Ferrari F430 na Fiat 500 ya 2007. Kwa hiyo hakuwa mtu wa kubahatisha.

Kisa chenyewe amekieleza mara nyingi. Akiwa mapumzikoni visiwa vya Karibi, aliona hotelini sulisuli aliyekaushwa, ametundikwa ukutani. Mwenye hoteli alijivunia kumvua kwa sababu ya wepesi wa samaki yule. Watu wengi wangepiga picha wakaendelea na mapumziko. Stephenson alipopita Miami wakati wa kurudi, alikwenda kwa wavuvi akanunua sulisuli wake, akamkausha, akamtuma Uingereza kwenye idara ya McLaren inayoshughulika na mwenendo wa hewa. Wakampiga skani mwili mzima.

Walichokwenda nacho si lile tanga la mgongoni wala lile domo refu ambalo kila mtu angelichora. Walikwenda na ngozi. Magamba ya sulisuli, kwa maelezo ya Stephenson, yanazalisha vizingo (mizunguko) vidogo vidogo pembeni mwa mwili, kiasi kwamba samaki anapita ndani ya tabaka jepesi badala ya kusuguana moja kwa moja na maji mazito. Wakachukua mchoro wa magamba hayo wakaupachika kwenye kuta za ndani za mirija inayopeleka hewa kwenye injini. Kiasi cha hewa kinachoingia kikaongezeka kwa asilimia 17.

Hapo naomba tutulie kidogo, maana wengi wakisoma "asilimia 17" wanapita tu.

Injini ya turbo inaishi kwa hewa. Hewa ikipita kwenye mrija haiendi kwa mwendo mmoja. Simama ukingoni mwa mto wowote utaona maji ya katikati yanakimbia na ya pembeni yanakokota. Ndani ya mrija ni vivyo hivyo: hewa inayogusa ukuta inapungua mwendo, na mrija ukikata kona, ile iliyochoka inabanduka ukutani na kuanza kujizungusha ovyo. Sehemu hiyo ya mrija inakuwa imekufa. Kipenyo kipo, hewa haipiti. Ukiweka vinundu vya ukubwa na mpangilio sahihi ukutani, vinachokoza vizingo vidogo vinavyoivuta hewa yenye nguvu kutoka katikati na kuipeleka pembeni, na mkondo unabaki umeshikamana na ukuta mpaka mwisho wa kona. Vishimo vya mpira wa gofu vinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Mpira laini kabisa unaangukia karibu kuliko wenye vishimo.

Tazameni na uzuri wa uamuzi wenyewe. Mnunuzi anayelipa zaidi ya pauni 800,000 hawezi kuyaona magamba hayo. Hayapo kwenye brosha kama pambo. Yamefichwa mahali penye giza, yanafanya kazi.

Nitaendelea kwa kujibu maswali, naona yameanza kuja.

> Mkuu, sulisuli ndiye samaki mwenye kasi kuliko wote, 110 km/h. Mbona hukuliweka hilo?

Sikuliweka makusudi. Namba hiyo ni ya zamani, inarudiwa kila mahali, na haijasimama vizuri. Mwaka 2016 watafiti walichapisha vipimo vya jinsi misuli ya sulisuli inavyoweza kujikunja kwa haraka, kisha wakakokotoa mwendo wake wa juu kabisa. Ukatoka takriban mita 8.3 kwa sekunde, yaani kilomita 30 hivi kwa saa. Wakaeleza pia kwamba samaki akikaribia mita 10 hadi 15 kwa sekunde, maji yanayopita kwenye mapezi yanaanza kutoa viputo vya mvuke, na viputo vile vikipasuka vinaumiza mwili. Kwa hiyo bahari yenyewe imeweka kizuizi.

Je, kisa cha P1 kinaharibika? Hata kidogo. Magamba yalipimwa ndani ya mrija, na hewa ikahesabiwa. Sifa ya samaki ndiyo iliyomfanya mtu asimame pale hotelini atazame, lakini gari halikujengwa kwa sifa. Hii ni tofauti kubwa, na kisa cha pili kitaionyesha vizuri zaidi.

> Supakaa moja tu? Tupe nyingine.

Nawapa gari ambalo si supakaa kabisa, lakini bila hilo uzi huu hauna miguu. Mercedes-Benz Bionic, gari la dhana la mwaka 2005. Wahandisi walitafuta samaki mwenye umbo linalofaa kubeba watu na mizigo wakaangukia kwa yule samaki wa kwenye matumbawe mwenye umbo la sanduku, ambaye akiwa mdogo ni wa njano mwenye madoa meusi. Wazamiaji wa Mafia na Kisite mnamjua. Ni mtu wa mwisho ambaye ungemdhania kwa habari za mwendo.

Walitengeneza mfano wa samaki huyo, wakaupeleka kwenye handaki la upepo, chumba cha kupimia jinsi hewa inavyopita kwenye umbo, wakapata kipimo cha ukinzani wa hewa cha 0.06 (kikiwa kidogo ndiyo bora). Hiyo ni karibu na umbo la tone la maji. Wakajenga gari kamili la viti vinne, linalotembea, na kipimo chake kikawa 0.19. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa yanacheza karibu na 0.30. Injini ilikuwa dizeli ya nguvu za farasi 140, na ilikuwa inakula lita 4.3 kwa kilomita 100.

Miaka 10 baadaye, 2015, wanasayansi wakiongozwa na Sam Van Wassenbergh wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walimpima samaki mwenyewe upya kwa umakini. Wakakuta umbo lake lina ukinzani mkubwa kuliko wa samaki wa kawaida, na tena halimtulizi majini kama ilivyodhaniwa. Linamyumbisha. Na kuyumba huko ndiko faida yake: samaki anayeishi katikati ya mapango ya matumbawe anahitaji kugeuka papo kwa papo, hahitaji kunyooka kama treni.

Kwa hiyo Mercedes walipata gari zuri kutoka kwa samaki waliyemwelewa nusu. 0.19 ni ya kweli kwa sababu ilipimwa kwenye gari. Maelezo ya kwa nini samaki ana umbo lile ndiyo yaliyopinda. Binafsi nadhani hili linafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa uhandisi: kiumbe hakuumbwa ili atatue tatizo lako, ana matatizo yake, na lazima ujue lipi ni lipi kabla hujakopa.

Bionic ilikuwa na somo la pili ambalo halikuandikwa sana magazetini, na ndilo lililoishi. Ngozi ya yule samaki ni vibamba vya mfupa vya pembe sita vilivyoungana. Wakautumia mpangilio huo kwenye bati la mlango, ugumu ukapanda hadi asilimia 40 bila kuongeza uzito. Halafu fremu nzima wakaipitisha kwenye mbinu ya kompyuta iliyotokana na kazi ya Claus Mattheck, mwanafizikia wa Karlsruhe, Ujerumani, aliyetumia miaka mingi kuchunguza miti na mifupa inavyokua.

Mbinu yenyewe ni rahisi kueleza. Tazama panda ya mwembe, pale tawi kubwa linapoachana na shina. Mti umejaza mbao nyingi hasa pale, na kona yenyewe haikukatika kwa ukali, imejipinda taratibu. Mti unaongeza mbao panapobeba mzigo. Mfupa unafanya hivyo na zaidi: usipobeba mzigo, mwili unaukwangua. Ndiyo maana wanaanga wanarudi duniani mifupa imepungua. Kompyuta ya Mercedes iliiga hayo: weka mizigo kwenye fremu, tazama wapi chuma kinafanya kazi, kwingine kote punguza, rudia. Uzito wa fremu ulishuka kwa takriban asilimia 30.

> Hiyo ya mifupa imefika kwenye magari ya kununua au iliishia kwenye maonyesho?

Imefika, na hapa ndipo supakaa zinaporudi kwa kishindo.

Mwaka 2018 Bugatti walionyesha kalipa ya breki (kifaa kinachobana diski ya gurudumu) ya gari lao la Chiron, iliyochapwa kwa printa ya 3D kwa titani. Kalipa ya kawaida ya aluminiamu ya gari hilo ilikuwa na uzito wa kilo 4.9. Hii mpya kilo 2.9, na ina nguvu zaidi. Inachapwa kwa leza nne, tabaka juu ya tabaka, tabaka 2,213, kwa muda wa saa 45. Ukiiona hutadhani ni breki. Ina matundu, ina mikono miembamba inayoungana kwa mikunjo laini, kama kitu kilichochimbuliwa na watafiti wa mifupa Olduvai. Hakuna fundi mwenye mashine ya kukereza anayeweza kuitoa kwenye pande la chuma, maana matundu mengine hayafikiki kwa kisu chochote.

Kisha tazameni Czinger 21C ya Los Angeles, iliyotangazwa 2020. Hiyo wameipeleka falsafa hii kwenye sehemu kubwa za chesisi na sospensheni. Programu inapewa sehemu za kufungia bolti, inapewa mizigo, inaambiwa isiguse maeneo fulani, kisha inaotesha umbo lenyewe. Kinachotoka ni kama mabega na nyonga. Hakuna mtu aliyekaa akasema "tufanane na mfupa". Mfano huo umetokea wenyewe kwa sababu tatizo ni lilelile: beba mzigo mkubwa kwa uzito mdogo. Kwangu huu ndio ushahidi wenye nguvu kuliko wote kwenye uzi huu. Ukimwiga kiumbe sura, utafanana naye kwa kuwa umetaka. Ukitatua tatizo lake kwa uaminifu, unafanana naye hata usipotaka.

> Mtoa mada unadharau uzuri. Corvette ya papa ni gari zuri kuliko hizo mifupa zako zote. Gari linaanza machoni.

Mkuu, hoja yako ni nzito, na wala siidharau Corvette. Kwa wasioijua: Bill Mitchell, aliyekuwa mkuu wa ubunifu General Motors, alimvua papa aina ya mako, akampenda mno hadi akaagiza gari la dhana la 1961 liitwe Mako Shark, likichorwa na Larry Shinoda. Rangi yake ilianzia buluu nzito mgongoni ikayeyuka taratibu mpaka nyeupe ya fedha tumboni, kama papa mwenyewe. Inasimuliwa kwamba wapaka rangi walihangaika bila kumridhisha Mitchell, mwishowe usiku mmoja wakamchukua yule papa aliyetundikwa ofisini kwake, wakampaka rangi afanane na gari. Mitchell akafurahi, akaona sasa wamepatia.

Gari lile ni zuri. Hakuna mjadala. Lakini chukua ndugu yake, Corvette Sting Ray ya 1963, iliyopewa jina la samaki taa. Mitchell alitaka mstari kama uti wa mgongo upite juu ya paa mpaka nyuma, ukaligawa dirisha la nyuma vipande viwili. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliupinga kwa nguvu zote, kwa sababu dereva haoni nyuma. Mitchell alishinda mwaka mmoja tu. 1964 dirisha likawa kipande kimoja. Na pua yenye makali ya gari hilo, pamoja na jina la kiumbe anayejilaza mchangani, ilikuwa inanyanyuliwa na hewa mwendo ukizidi.

Haki yako nakupa hapa: leo hiyo ya 1963 yenye dirisha lililogawanyika ndiyo wakusanyaji wanayoigombania. Uti wa mgongo usio na kazi umewagusa watu kwa zaidi ya miaka 60. Kwa hiyo uzuri nao ni kazi. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba mstari ule ulitokana na maarifa ya samaki. Ulitokana na jicho la Mitchell, na jicho lake lilikuwa la ajabu.

> Vipi Mercedes Vision AVTR, ile ya magamba mgongoni?

Ilionyeshwa Las Vegas Januari 2020. Ina magamba 33 nyuma yanayofunguka na kufumba, na magurudumu yanayoiwezesha kwenda mshazari kama kaa. Kuna watu waliotokwa machozi kwa uzuri wake. Mimi kwenda kama kaa nakupenda, maana mtu wa kuegesha Kariakoo anaelewa mara moja kinamsaidia nini. Magamba yale yanazungumza na watu walio nje kwa ishara, na hilo si dogo kwa gari linalojiendesha, ila kuyaita somo la mjusi ni kumtwisha mjusi sifa isiyo yake. Na ile Mercedes Biome ya Los Angeles, 2010, iliyopigiwa hesabu ya uzito chini ya kilo 400 na kuoteshwa kutoka kwenye mbegu, ilikuwa ndoto ya kuchorwa. Ndoto nzuri, lakini haina kipimo hata kimoja cha kujadili.

McLaren 720S ya 2017 ipo katikati. Waliitaja papa mkubwa mweupe kama chanzo, na ukiitazama usoni unaona mashimo ya macho. Lakini mashimo yale yamebeba taa na papo hapo yanavuta hewa kwenda kwenye rejeta. Milango nayo ina ngozi mbili, hewa inapita katikati kuelekea rejeta za nyuma, ndiyo maana ubavuni hakuna lile tundu kubwa tulilozoea kwenye gari lenye injini katikati. Hapo sura na kazi vimekaa kiti kimoja.

> Swali la mwisho mkuu. Kama ngozi ya papa inapunguza msuguano, kwa nini supakaa zisipakwe ngozi hiyo bodi nzima?

Swali zuri kuliko yote leo, na lina majibu mawili.

Ngozi ya papa ina meno madogo sana yenye mifereji inayofuata mkondo wa maji. Filamu, yaani utando mwembamba, yenye mifereji hiyo ilibandikwa kwenye mashua ya Marekani Stars & Stripes iliyoshinda Kombe la Amerika, mashindano ya mashua za tanga, mwaka 1987 kule Fremantle, Australia. Leo Lufthansa wanabandika filamu ya aina hiyo kwenye ndege za Boeing 777 na wanaokoa takriban asilimia 1 ya mafuta. Kwa ndege inayokaa angani saa 12, asilimia 1 ni fedha nyingi. Na ndege ni ndefu, nyembamba, hewa inaiteleza urefu wote, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukinzani wake inatokana na msuguano wa ngozi.

Gari ni fupi na butu. Ukinzani wake mwingi unatokana na umbo: hewa inasukumwa mbele, halafu nyuma inabaki pengo linalolivuta gari lisiende. Mifereji ya papa haigusi tatizo hilo. Ongeza vumbi, kokoto, wadudu waliogandia na kijana wa kuosha magari mwenye brashi ngumu, mifereji inayopimwa kwa sehemu za milimita haimalizi mwezi. Pale P1 ilipoyaweka magamba ya sulisuli, ndani ya mrija, mambo ni kinyume kabisa. Hakuna kokoto wala brashi, hewa yote inayohitajika inalazimika kupita karibu na ukuta, na tatizo lililopo ni lilelile la mkondo kubanduka, ambalo vizingo vidogo vinalitibu.

Wenye picha za karibu za ngozi ya sulisuli akiwa bado mbichi, hasa mlioko Watamu, Shimoni na Nungwi, ziwekeni hapa. Picha nyingi zilizopo mtandaoni ni za waliokaushwa na kupakwa rangi, na pale magamba hayaonekani vizuri.